Je, kirusi cha utotoni ndicho kilichomnenepesha mwanangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, urefu sentimita 122, uzito kilo 30. Alizaliwa na kilo 2.3. Akiwa na miezi mitano alilazwa kwa nimonia, akachomwa sindano za antibaiotiki, na mwaka wake wa kwanza wote ulikuwa wa mafua na kuharisha. Tulipotoka hospitali, mimi na bibi yake tulihangaika sana kumrudisha mwili. Sasa shuleni wanamwita Bonge. Juzi ndugu yangu kanitumia makala kwenye WhatsApp inayosema kuna kirusi kinachonenepesha watoto, na kwamba kuna kipimo chake cha damu. Inaweza kuwa ndicho? Nikampime wapi? Au ni zile sindano? Mdogo wake ana miezi minane na yeye pia mafua hayamuishi, naogopa yasije yakawa yale yale. – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa mawazo. Nikupe kwanza majibu mafupi ili usisome yote haya roho ikiwa juu. Kipimo hicho usihangaike kukitafuta. Sindano za nimonia hazikuwa kosa. Uzito wa kijana umezidi kweli, na hapo ndipo pa kuweka nguvu. Sasa tuongee kwa nafasi, maana makala uliyotumiwa haikuokotwa hewani. Kirusi chenyewe kipo, na waliokichunguza ni watafiti wenye sifa zao.

Habari yake ilianzia kwa kuku. Miaka ya 1980 huko Bombay, jiji ambalo siku hizi linaitwa Mumbai, mtaalamu wa magonjwa ya mifugo S. M. Ajinkya alikuwa akichunguza ugonjwa uliokuwa unafagia mabanda ya kuku India. Chanzo kilikuwa kirusi cha ndege, cha jamii ya virusi iitwayo adeno, kilichopewa jina SMAM-1. Ajinkya akamsimulia Nikhil Dhurandhar, daktari kijana aliyekuwa akitibu watu wanene, kwamba kuku waliokufa walikutwa na ini kubwa lililopauka na mafuta mengi tumboni. Mfugaji yeyote atakwambia kuku mgonjwa hukonda. Hawa walikufa wamenona. Dhurandhar akaambukiza kuku wazima kwa makusudi, akaona mafuta yao yanaongezeka huku kolesteroli ya damu ikishuka, jambo ambalo ni kinyume cha tulivyozoea. Akapima damu ya wagonjwa wake 52 wenye unene. Kumi walikuwa na kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo kwenye damu baada ya kupambana na kirusi, dhidi ya kirusi kile cha kuku, na hao kumi walikuwa wazito kuliko wenzao.

Alipohamia Marekani alinyimwa kibali cha kuingiza kirusi cha kuku nchini humo. Basi akishirikiana na Richard Atkinson katika Chuo Kikuu cha Wisconsin akageukia virusi vya adeno vya binadamu, ambavyo viko aina zaidi ya 50, akachagua namba 36. Ndicho kinachoandikwa Ad-36 kwenye makala yako. Kilikuwa kimetambuliwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1978, kwenye choo cha mtoto wa kike aliyekuwa anaharisha. Mwaka 2000 Dhurandhar na Atkinson wakachapisha matokeo yao: kuku na panya walioambukizwa Ad-36 walijaza mafuta kuliko wasioambukizwa. Baadaye wakaona jambo hilo hilo kwa kima wadogo waitwao marmoset.

Virusi vya adeno si wageni nyumbani kwako. Baadhi huleta mafua na koo, baadhi huharisha watoto, na wengine wamo katika kundi linalosababisha macho mekundu ya namna ile iliyosumbua Dar es Salaam na pwani mwanzoni mwa 2024. Vinasafiri kwa chafya, mikono na choo. Mtoto yeyote aliyekulia kati ya watoto wenzake ameshapata vya kwake kadhaa, na karibu wote hupona bila kubaki na chochote.

Namba 36 kinafanya nini cha ziada? Maabara imejibu vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kina jeni moja, E4orf1, ambalo likiingia kwenye seli changa zinazosubiri kuwa seli za mafuta huzisukuma zikomae haraka, na huzifanya zivute sukari nyingi kutoka kwenye damu na kuihifadhi. Seli za mafuta zikawa nyingi, kila moja ikawa na njaa ya sukari. Ndiyo maana mnyama hunenepa huku damu yake ikipimwa inaonekana safi. Kwa watu pia imeonekana mara nyingi kwamba wenye kingamwili za Ad-36 wana sukari na mafuta ya damu afadhali kidogo kuliko wanene wenzao, hadi kundi la Dhurandhar likaanza kuitafuta humo dawa ya kisukari. Kirusi kinachoshutumiwa kwa unene kikawa kinachunguzwa kama mwalimu wa kutibu kisukari! Mimi binafsi naona hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote katika habari hii, na makala za WhatsApp huwa zinakiruka.

Tuje kwa watoto. Utafiti unaonukuliwa sana ulifanyika San Diego, California, ukachapishwa 2010. Walichukuliwa watoto 124 wa miaka 8 hadi 18. Kati yao 67 walikuwa na unene uliokithiri, 57 hawakuwa nao. Waliokutwa na kingamwili za Ad-36 walikuwa 19, na 15 kati ya hao walikuwa upande wa wanene. Tena, kwa wastani, wenye kingamwili walikuwa wazito kwa kama kilo 23 kuliko wasio nazo. Mzazi akiishia hapo, kesho yake yuko kwenye basi anatafuta maabara.

Lakini hebu hesabu upande wa pili. Wanene 67, wenye kingamwili 15. Maana yake watoto 52 walinenepa bila alama yoyote ya kuwahi kukutana na kirusi hicho. Na wanne walikutana nacho, wakabaki na uzito wao wa kawaida. Hata tukikitia kirusi hatiani moja kwa moja, bado kingekuwa kimeeleza unene wa mtoto mmoja kati ya wanne au watano, na wale wengine tungebaki tunawatafutia sababu.

Halafu kuna suala la kipi kilitangulia. Watoto wale walipimwa uzito na damu kwa wakati mmoja. Kingamwili ni kama muhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti: unaonyesha mtu alipita mpakani, hauonyeshi alikwenda kufanya nini. Kipimo hakisemi kama kirusi kilikuja mtoto akiwa mwembamba kikamnenepesha, au kilimkuta tayari ni mnene kikapata pa kukaa. Hilo la pili si la kubuni. Mwili mnene hupambana na baadhi ya virusi kwa shida zaidi. Tuliliona kwenye homa ya mafua ya 2009 na tukaliona tena, kwa uchungu, kwenye UVIKO-19.

Tafiti zenyewe pia hazikubaliani. Wisconsin, Florida na New York, watu wazima 502 walipopimwa, asilimia 30 ya wanene walikuwa na kingamwili dhidi ya asilimia 11 ya wasio wanene. Korea Kusini uhusiano ukaonekana kwa watoto. Lakini wanajeshi wa Marekani walipopimwa, hakuna kitu. Uholanzi na Ubelgiji, hakuna kitu. Watafiti wa Japani walipojumlisha tafiti zilizokuwapo hadi 2012, walikuta wenye kingamwili wana uwezekano unaokaribia mara mbili wa kuwa na unene. Kwa hiyo uhusiano upo, sikatai. Ushahidi wa mwisho ungekuwa kumwambukiza mtoto kwa makusudi na kungoja, na jaribio hilo hakuna mwenye akili timamu atakayeliruhusu.

Sababu ya kukwambia usitafute kipimo ni nyepesi kuliko hayo yote. Kikitoka chanya, hakuna dawa ya Ad-36 na hakuna chanjo yake. Kikitoka hasi, mtoto bado ana kilo 30. Njia zote mbili zinakurudisha mlango ule ule, ila mfukoni umepungukiwa. Ukiona mtu anakuuzia kipimo hicho pamoja na dawa ya "kusafisha virusi vya unene", aga uende zako.

Swali lako la maana zaidi, ingawa hukuliuliza hivyo, ni kama maradhi ya mwaka wa kwanza kwa jumla yanaweza kuacha alama kwenye uzito. Hapa tuna utafiti mkubwa wa California Kaskazini uliochapishwa 2017, wenye watoto zaidi ya 260,000 waliofuatiliwa kupitia kumbukumbu za mfumo mmoja wa hospitali. Waliougua maambukizi katika mwaka wa kwanza bila kupewa antibaiotiki walikuwa na uwezekano wa unene uliozidi kwa kama asilimia 25 kuliko ambao hawakuugua. Waliougua wakapewa antibaiotiki, walipolinganishwa na wagonjwa wenzao wasiopewa, hawakuwa na tofauti. Yaani alama iliyoonekana ilifuata ugonjwa, dawa haikuongeza kitu.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo lawama zilikuwa kwa antibaiotiki, na haikuwa bila msingi. Panya wachanga wakipewa dozi ndogo ndogo hunenepa, kwa sababu dawa huvuruga bakteria wema wa tumboni. Wafugaji wa Marekani walijua hilo tangu katikati ya karne iliyopita, wakawa wanachanganya dawa kwenye chakula cha mifugo ili inenepe. Tafiti kadhaa za watoto zilifuata mkondo huo. Lakini Philadelphia, mwaka 2016, watoto zaidi ya 38,000 walifuatiliwa hadi miaka 7, na antibaiotiki za miezi sita ya kwanza hazikuonekana kuongeza uzito wao. Ukiweka hizo mbili pamoja na ukweli kwamba nimonia bado ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wa chini ya miaka mitano duniani, utaona kwa nini sina kigugumizi: sindano zile zilimwokoa mwanao. Ninachokipinga ni antibaiotiki za duka la dawa kwa kila mafua. Hizo haziui virusi, na zinazoesha bakteria kuishi na dawa.

Asilimia 25 hiyo nayo isikutishe. Ni ya juu ya uwezekano uliokuwapo tangu mwanzo. Kama katika watoto 100 wasiougua wanne wangenenepa, kwa waliougua wangekuwa kama watano. Na kuugua mara kwa mara huja na mambo mengine yanayoongozana nayo: nyumba yenye moshi, maziwa ya mama yaliyokatishwa mapema, usingizi uliokatika. Kutenganisha kipi kimefanya nini ni kazi ngumu hata kwa watoto laki mbili na zaidi.

Sasa niseme ninachokiona mimi nikisoma barua yako. Jicho langu halikusimama kwenye mafua. Lilisimama kwenye kilo 2.3, na kwenye yale maneno "tulihangaika kumrudisha mwili".

Mtoto wa chini ya kilo 2.5 tunamhesabu kuwa amezaliwa na uzito pungufu. Tumboni alipata kidogo, na mwili uliopata kidogo hujipanga kubana matumizi. Ushahidi unaojulikana sana ni wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, Wajerumani walipozuia chakula. Vijana wa kiume wapatao 300,000 walipopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19, wale ambao mama zao walishikwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene zaidi ya wenzao. Waliokutwa na njaa mwishoni mwa mimba na miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa walikuwa na unene pungufu. Njaa ni ile ile, muda ndio ulioleta tofauti. Msomi wa Kiingereza David Barker alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jinsi uzito wa kuzaliwa unavyofuatana na mtu hadi kwenye kisukari na moyo uzeeni.

Je, basi ilikuwa kosa kumlisha? Hapana, na hapa nakuomba usome taratibu, maana ushauri wa mitandaoni mwingi umeandikwa kwa watoto wa Ulaya. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya watu zaidi ya 8,000 waliofuatiliwa tangu kuzaliwa katika Brazili, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini, wakiwemo watoto wa Soweto. Waliokua vizuri katika miaka miwili ya kwanza walikuwa warefu zaidi na walisoma zaidi walipokuwa watu wazima. Uzito ulioongezeka haraka baada ya miaka miwili, bila urefu kwenda nao, ndio uliofuatana na unene wa ukubwani. Kwa hiyo maziwa, uji na mayai ya bibi baada ya nimonia yalikuwa mahali pake. Swali ni lini mlipunguza mwendo.

Itafute kadi ya kliniki, ile yenye mchoro wa mistari. Angalia nukta zake. Nadhani utaziona zimeanza chini, zikashuka miezi ile aliyolazwa, kisha zikapanda. Tafuta mahali ambapo zilivuka mstari wa katikati na kuendelea kupanda bila kusimama. Ikiwa hilo limetokea akiwa na miaka mitatu au minne, mtakuwa mlimpikia mtoto mgonjwa miaka miwili baada ya ugonjwa kuisha. Sikulaumu. Huenda hata kliniki walikusifu. Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa na kama asilimia 4 tu wana uzito uliozidi, ndiyo maana wahudumu wetu wamezoea kuogopa mstari wa chini. Wa juu wanaupigia makofi. Na mama wa Kitanzania ana mzigo wake: mtoto akikonda ataambiwa kambemenda, akinenepa ataambiwa kamdekeza. Heri uonekane umedekeza.

Kuna swali moja nataka ulijibu kwa ukweli, peke yako kama ni lazima. Baada ya nimonia, au wakati wowote, mlimpa dawa ya kuongeza hamu ya kula? Nauliza kwa sababu dawa hizi, nyingi zikiwa na saiproheptadini, zinauzwa kirahisi kwenye maduka ya dawa, na bibi wengi wanazijua. Nyingine za "kunenepesha" zina deksamethasoni ndani, dawa ya jamii ya steroidi inayoongeza mafuta mwilini na kusimamisha urefu. Kama ana pumu na amekuwa akipewa steroidi za vidonge au maji mara kwa mara, hilo pia mwambie daktari. Msizikatize ghafla wenyewe ikiwa amezitumia muda mrefu, zinahitaji kupunguzwa kwa utaratibu.

Mambo mengine ya mwanzo wa maisha nayapitia haraka, maana mengi huwezi kuyarudisha. Uzito wa mama kabla ya mimba, kisukari cha mimba na sigara wakati wa ujauzito yote yanahusishwa na unene wa mtoto. Ikiwa unafikiria kuongeza mtoto mwingine, pima sukari mapema. Kuhusu kunyonyesha, wengi tulifundishwa kwamba kunazuia unene moja kwa moja. Belarus walijaribu kwa mama zaidi ya 17,000: nusu ya hospitali zikahimiza kunyonyesha kwa nguvu, nusu zikaendelea kama kawaida. Watoto wa kundi la kwanza walinyonya muda mrefu zaidi na wakaharisha mara chache kuliko wenzao, lakini walipofikia miaka 6 na nusu hawakuwa wembamba kuliko wengine. Kunyonyesha kuna sababu za kutosha bila kuongezewa hii. Maziwa ya kopo ni habari nyingine kidogo. Utafiti wa nchi tano za Ulaya ulilinganisha ya protini nyingi na ya protini kidogo, na kwenye miaka 6 unene ulikuwa asilimia 10 kwa waliopewa ya protini nyingi na 4.4 kwa wenzao.

Basi tuje kwa kijana wa leo. Kilo 30 ukigawanya kwa urefu wa mita 1.22, kisha jibu ukaligawanya tena kwa 1.22, unapata 20.2. Kwa mvulana wa miaka 7, Shirika la Afya Duniani linahesabu uzito uliozidi kuanzia 17 na unene kuanzia 19. Amevuka. Lakini kwa umri huu tuna bahati ambayo watu wazima hatuna, nayo ni urefu. Mtoto wa miaka 7 hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Tuseme mwakani ana mita 1.28 na bado ana kilo zile zile 30: atakuwa na 18.3, na mpaka wa unene kwa miaka 8 ni 19.7. Atakuwa ametoka kwenye unene bila kupungua hata gramu. Kwa hiyo usimnyime chakula wala kumfungisha. Kazi yetu ni kuzuia kilo zisipande huku tukisubiri mifupa.

Anza na vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kama gramu 37 za sukari, vijiko tisa vya chai, na mtoto wa umri wake hapaswi kuzidisha gramu 40 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Juisi za pakiti haziko mbali. Chai ya asubuhi na uji pia vihesabu, kuna nyumba uji wa mtoto unawekwa sukari kama wa futari. Mpe hela kidogo ya shule, au mfungashie chakula, maana chipsi na maandazi ya getini ndiyo yanayoharibu hesabu za nyumbani. Wali na ugali vibaki, ila sahani yake isiwe ya baba. Mboga na maharage viongezeke, samaki na mayai viendelee. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima. Mtoto anayekula mchicha peke yake wakati wengine wanakula chipsi mayai ataiba, na atakuwa na haki.

Apate usingizi wa muda wa saa tisa hadi kumi na mbili kwa siku. Acheze hadi atoke jasho, angalau saa moja kwa siku, mpira wa chandimu unatosha kabisa. Simu isilale naye. Jina la Bonge lizungumze na mwalimu wa darasa, kwa utulivu, kabla halijawa sababu ya kukataa kukimbia mbele ya wenzake.

Mpeleke kwa daktari wa watoto mwezi huu, na beba kadi ya kliniki pamoja na dawa zote anazotumia. Waombe wampime urefu vizuri, shinikizo la damu na sukari. Waeleze kama anakoroma usiku na kusinzia mchana, kama shingo na makwapa vina ngozi nyeusi nene isiyotoka hata ukisugua, au kama analalamika magoti na kichwa. Kubwa zaidi, sema kama urefu wake umesimama. Mtoto anayenenepa kwa kula sana kwa kawaida ni mrefu au wa kawaida kwa umri wake. Mfupi anayenenepa anatufanya tutafute tatizo la homoni, na hapo vipimo vya damu vina maana kuliko kile cha WhatsApp.

Mdogo wake wa miezi minane. Mafua sita au nane kwa mwaka kwa mtoto wa umri huo ni jambo la kawaida, hasa akiwa na kaka anayeleta kila kitu kutoka shuleni, na huna sababu ya kuyahusisha na unene. Aendelee kunyonya. Uji wake uwe mzito, wenye dagaa waliosagwa, karanga au yai, bila sukari, na juisi asipewe mpaka apite mwaka. Hakikisha amemaliza chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14, na usikose ya surua akifika miezi tisa. Jiko la mkaa litoke nje. Akiwa na mafua, mfungue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 50, au ukiona nyama za chini ya mbavu zinabonyea kila anapovuta hewa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Wakimwandikia antibaiotiki, mpe mpaka dozi iishe.